Pesa yako ikizuiliwa benki, karatasi zako zitakusemea?



Julai mwaka jana, msimu umechanganya, Kendwa wageni wamejaa, naamka asubuhi nakuta mauzo yangu ya wiki mbili yamezuiliwa. Nina kiduka cha vikoi na viungo, na wageni wengi hulipa kwa kadi kupitia kampuni moja ya malipo. Ujumbe ulikuwa mfupi tu: akaunti inachunguzwa. Fundi cherehani wa Nungwi ananidai, viungo nimechukua kwa mali kauli. Siwafichi, nililia.

Kosa lenyewe? Leseni ya biashara ina jina moja, akaunti ya benki ina jina jengine. Wiki tatu ndipo nikapata hela zangu.

Toka siku hiyo nikaanza kuisoma kesi ya Flutterwave kule Kenya. Hii si duka la vikoi, ni kampuni kubwa ya malipo iliyoanzishwa na Wanigeria mwaka 2016. Julai 2022, ARA, shirika la serikali ya Kenya linalofuatilia mali zinazoshukiwa kutokana na uhalifu, lilikwenda Mahakama Kuu likapata amri ya kuzuia akaunti kadhaa za kampuni hiyo. Ndani mlikuwa na mabilioni ya shilingi za Kenya, kwenye benki za Equity, GTBank na Ecobank. Agosti zikazuiliwa nyengine.

Shirika lilidai ni utakatishaji wa fedha. Hoja yake kubwa: hakuna ushahidi kwamba pesa zile ni za wateja waliolipia bidhaa na huduma. Kampuni ikakanusha. Juu ya hayo, Benki Kuu ya Kenya ikasema kampuni haina leseni ya malipo nchini humo.

Mwisho wake? Mwaka 2023 shirika lenyewe likaomba kuziondoa kesi zake, na pesa zikaachiwa. Lakini piga hesabu, miezi mingapi pesa imelala? Kampuni kubwa inaweza kustahamili. Mimi na wewe msimu ushapita.

Kuzuiliwa pesa si kuhukumiwa. Lakini mwenye kuulizwa "pesa hii ya nini, imetoka kwa nani?" ni wewe, na jibu linatakiwa liwe kwenye karatasi.

Na tusiseme hayo ni ya Kenya. Kwetu, sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inairuhusu TRA kuiagiza benki itoe pesa za mtu anayedaiwa kodi. Aprili 2021 Rais Samia aliikemea tabia ya kuchukua pesa za wafanyabiashara kwenye akaunti kwa nguvu. Tulishukuru, lakini sheria ipo pale pale.

Kwa hiyo, fanya haya:

1. Jina la leseni, TIN na akaunti ya benki yafanane. Hili ndilo lililoniponza.

2. Pesa ya biashara isichanganyike na ya nyumbani. Mchango wa harusi usipite akaunti ya duka.

3. Kila malipo yawe na risiti, na nakala yake uiweke. Mgeni akilipa pesa nyingi, andika amenunua nini.

4. Usiweke mayai yote kapu moja. Pesa ya mzigo na kodi ya fremu iwe pahala pengine.

5. Barua ya TRA usiitie mtoni mwa kitanda. Hukubaliani na makadirio? Una siku 30 kuweka pingamizi, na unatakiwa kulipa kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi, kile kilicho kikubwa. Huna uwezo huo, omba kwa maandishi upunguziwe. Ukishindwa hapo, kuna Bodi ya Rufani za Kodi.

Mimi sasa nina faili la buluu chini ya kaunta. Halinunuliki na mgeni, lakini ndilo bidhaa ya thamani kuliko zote dukani.

Je, wewe leo ukiulizwa, faili lako liko wapi?