Makengeza kwa mtoto mdogo: apasuliwe au asipasuliwe?



Sisi wahamasishaji wa afya tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Nyarugusu, kuna swali linalorudi tena na tena: mtoto wangu ana makengeza, je, nikubali apasuliwe? Mara nyingi swali hilo limeshaleta maneno ndani ya nyumba kabla hatujapiga hodi. Mama anataka, baba hataki, na nyanya anasema mwacheni, akikua jicho litajinyoosha lenyewe. Leo tulizungumze taratibu, kwa sababu "ndiyo" au "hapana" ya upasuaji huja mwishoni. Kabla yake lazima ujue mambo mawili: jicho limepinda kwa sababu gani, na je, jicho hilo linaona?

Nianze na nyanya, maana ana ukweli nusu. Mtoto mchanga macho yake huweza kutangatanga, moja huku na lingine kule, na mengi hutulia yenyewe anapofika miezi mitatu au minne. Tena wapo watoto ambao hawana makengeza kabisa, ila mzizi wa pua yao ni mpana na unafunika weupe wa jicho upande wa ndani. Washa tochi ya simu ukiwa umbali wa mkono mmoja, mtoto aitazame kidogo tu. Nukta ya mwanga ikikaa mahali pamoja kwenye mboni zote mbili, huenda macho yamenyooka. Lakini mtoto aliyepita miezi minne na jicho bado linapinda, hata kama linapinda mara mojamoja, huyo asisubiri kukua. Apelekwe akapimwe.

Kwa nini haraka hiyo? Kila jicho hupeleka picha yake kwenye ubongo. Jicho moja likipinda, picha zinakuwa mbili zisizolingana, na ubongo wa mtoto hutatua shida hiyo kwa kuikataa picha ya jicho lililopinda. Ndiyo maana mtoto hakwambii kwamba anaona vitu viwili viwili. Jicho likikataliwa hivyo miezi na miaka, linakuwa jicho vivu: ukilitazama ni zima, halina kidonda wala ukungu, lakini haliona vizuri. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, hasa kabla ya mtoto kufika miaka 7 au 8. Akishapita umri huo, kulifundisha jicho vivu ni kazi ngumu sana, na mara nyingi haifanikiwi.

Unaweza kuangalia mwenyewe nyumbani. Mtoto akiwa anacheza na kitu anachokipenda, funika jicho moja kwa kiganja, kisha lingine. Akitulia ukifunika lile lililopinda, lakini akilia na kusukuma mkono wako ukifunika lile lililonyooka, amekueleza jambo kubwa: analitegemea jicho moja tu.

Sasa nije kwenye uvumi, kwa sababu ndio unaozuia watu wengi. Inasemwa hospitalini wanang'oa jicho, wanaliosha na kulirudisha, au wanalichukua kabisa. Upasuaji wa makengeza hauko hivyo. Kila jicho lina misuli sita inayoligeuza. Daktari hufungua ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho, akaulegeza msuli unaovuta mno au akaufupisha ule uliolegea. Jicho linabaki mahali pake muda wote. Mtoto anakuwa amelala usingizi wa dawa, hasikii kitu, na kazi yenyewe huchukua kama saa moja.

Hata hivyo uvumi huu haukutoka hewani. Kuna saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka 5, na makengeza huweza kuwa dalili yake. Ikiwa imekua ndani ya jicho, madaktari wanaweza kulazimika kuliondoa jicho hilo ili mtoto aishi. Watu wameona mtoto aliyekwenda na jicho lililopinda akarudi bila jicho, nao wakaunganisha mambo mawili yasiyofanana. Kwa hiyo, mzazi, ukiona weupe ndani ya mboni, au kwenye picha ya simu mboni moja inang'aa nyeupe kama jicho la paka usiku, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo. Huenda ni saratani, huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huwapata hata wachanga. Yote mawili hayataki kusubiri, na maji ya majani au maziwa ya mama yanayotiwa jichoni hayatibu hata moja. Yanaweza kuleta uchafu na kovu kwenye kioo cha jicho.

Miwani kwanza

Kuna familia moja katika zoni yetu ambayo mtoto wao wa kike, mwenye miaka 4, jicho lake la kushoto lilikuwa linavutwa kuelekea puani. Wenzake walimwita Kengeza. Mama alitaka apasuliwe kabla hajaanza shule ili aibu iishe. Baba mkwe akakataa kata kata, akasema, "Mwanangu, mjukuu wangu hamtampeleka kupigwa kisu kwa ajili ya kuchekwa." Walifika kwa mtaalamu wa macho bado wanabishana. Mtoto akatiwa matone ya kupanua mboni, akapimwa, na ikaonekana macho yake yanajikaza mno kutazama vitu vya karibu. Kujikaza huko ndiko kulikovuta jicho ndani. Alipewa miwani. Baada ya wiki kadhaa za kuivaa tangu anapoamka hadi anapolala, macho yakanyooka. Akiivua, jicho linarudi kupinda. Hakuna aliyepasuliwa, na mzee sasa ndiye anayemkimbilia mjukuu na miwani mkononi.

Si kila mtoto anapona kwa miwani. Lakini hata atakayepasuliwa, jicho vivu hutangulia kutibiwa mara nyingi, na hapo dawa yake inashangaza watu: linafunikwa lile jicho zima. Majirani watakuuliza mbona unafunika lisilo na ugonjwa. Waambie jicho vivu linapewa kazi. Mtoto atalia siku za mwanzo, atabandua plasta, atajificha nyuma ya nyumba. Fuata saa ulizoambiwa, usizidishe ukidhani utaharakisha, maana jicho zima likifunikwa kupita kiasi nalo huweza kudhoofika. Ndiyo sababu unapewa tarehe ya kurudi.

Jambo hili ningependa lieleweke zaidi ya mengine yote: upasuaji hunyoosha jicho, haulifundishi kuona. Mtoto anaweza kurudi na macho yaliyonyooka vizuri huku moja bado halioni.

Mkifika kwenye uamuzi

Mchanga ambaye jicho lilipinda sana kabla ya miezi 6, na limekaa hivyo muda wote, madaktari wengi hushauri apasuliwe mapema, kabla ya miaka 2, ili macho yapate nafasi ya kujifunza kufanya kazi pamoja. Kwa mtoto mkubwa ambaye jicho limeshapoteza nguvu, upasuaji wa kunyoosha sura unawezekana umri wowote, hata utu uzima. Huyo hakuna kinachoharibika akingoja zamu.

Muulizeni daktari bila woga: miwani pekee haitoshi? Jicho linaona kiasi gani sasa? Tukisubiri mwaka mmoja, nini kitapotea? Je, huenda akahitaji kupasuliwa mara ya pili? Hilo la mwisho hutokea, kwa sababu misuli huweza kuvuta kidogo mno au kupita kiasi. Maambukizi na matatizo ya dawa ya usingizi ni ya nadra, lakini yapo, na mna haki ya kuelezwa. Kama Kiswahili cha daktari kinawapita, ombeni mkalimani wa Kirundi au Kibembe kabla ya kuweka dole gumba kwenye karatasi.

Pimeni na safari. Madaktari wanaopasua macho ya watoto ni wachache. Hapa Tanzania wako katika hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi, na Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam. Kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Inahitajika rufaa, kibali cha kutoka kambini, na mtu wa kubaki na watoto wengine na kupokea posho. Kaeni na ndugu mpange hilo mapema. Nimeona rufaa ikipita bure kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia watoto wadogo.

Mtoto akiwa na homa au kikohozi, semeni, hata kama mmeshafika, daktari ataahirisha. Saa za kutokula atakazotaja zishikwe kweli kweli, maana tumbo lenye chakula ni hatari wakati wa usingizi wa dawa. Baada ya upasuaji jicho litakuwa jekundu kwa wiki mbili au tatu, na hilo si la kutisha. Mzuieni asilisugue na asicheze kwenye vumbi na maji machafu. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, kope zikivimba, usaha ukitoka au mtoto akionekana haoni, rudini kituo cha afya mara moja, hata usiku.

Asiye na uhakika kuhusu macho ya mtoto wake, amwite mhamasishaji wa kijiji chake. Tutamfunika jicho moja na lingine mbele yenu, na tukiona lisiloridhisha tutawasindikiza kituoni. Mje na kadi ya kliniki, na kama mna picha ya mtoto alipokuwa mchanga, njoni nayo pia. Mtaalamu atauliza jicho lilianza kupinda lini.