Njia ya Asili ya Uzazi ni Kazi ya Wawili

Tunakutana na wanandoa wanaolalamika kwamba walihesabu siku za kalenda kwa makini, na bado mama akashika mimba wakati mtoto angali mchanga. Wengine wamekata tamaa kabisa na njia ya asili. Mwezi huu tunapenda kueleza tatizo liko wapi.

Kalenda peke yake hudanganya. Yai hutoka takriban wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata, na mama ambaye mzunguko wake hubadilika kwa sababu ya kunyonyesha au ugonjwa hawezi kuijua siku hiyo mapema. Tena, yai huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za baba zaweza kuishi ndani ya mama hadi siku 5.

Kwa hiyo madaktari John na Evelyn Billings, mume na mke wa Australia, waliwafundisha akina mama kusoma dalili za mwili. Baada ya hedhi wengi huona ukavu. Kisha hutokea ute, ambao baadaye huwa mwepesi, wa kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku. Siku ya mwisho ya utelezi huitwa kilele. Wanaotaka kupumzisha uzazi hujizuia tangu ute unapoanza hadi siku 3 kamili zipite baada ya kilele. Ute wenye harufu mbaya au muwasho ni dalili ya ugonjwa, nendeni zahanati.

Kila jioni mama aandike alichoona, na baba aisome chati hiyo. Baba akirudi amelewa na kudai haki yake, chati haina kazi tena. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, aliwakabidhi wajibu wa uzazi mume na mke kwa pamoja.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba zikifuatana mno, mama huishiwa damu na mtoto huachishwa ziwa mapema.

Akina baba, tunawasihi: msimtume mama peke yake kujifunza. Nendeni wote wawili kwa mwalimu wa njia ya asili, mkajifunze pamoja.