Kupima Mfumo wa Faili na Usalama wa Matini za Kimwera

Makala haya yanafafanua jinsi mfumo wa faili unavyojaribiwa kwa mkazo ili kufichua hitilafu ziharibuzo data. Suala hili lina uzito kwa wanaohifadhi katika kompyuta matini za lugha kama Kimwera, kisemwacho Nachingwea na Ruangwa. Katika msimbo wa ASCII, herufi *a* ni 97 na *e* ni 101. Tofauti yao ni biti moja tu. Biti hiyo ikigeuka, *pata* huwa *peta*. Yote mawili ni maneno halali ya Kiswahili, hivyo msomaji hashuku lolote.

Programu ya fsx, iliyotungwa na Avadis Tevanian na kuandikwa upya na Conrad Minshall mwaka 1998, huandika, husoma na kukata faili moja kwa mfuatano wa kubahatisha, mara maelfu. Kila kisomwacho hulinganishwa na nakala iliyomo katika kumbukumbu ya kompyuta. Tofauti ikitokea, jaribio husimama na kuorodhesha hatua zilizotangulia. Aidha, mfuatano huo huzalishwa kutokana na namba moja ya mwanzo. Hivyo waweza kurudiwa hadi chanzo kipatikane.

Hivyo basi, kunakili pekee hakutoshi, kwani nakala ya faili iliyoharibika huurithi uharibifu wake. Mfumo sharti ujaribiwe kabla ya kukabidhiwa matini.