Arafa Nane kwa Tangazo Moja

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Wengi wetu hufungua tovuti ya shule, tukaona tangazo limekaa vizuri mahali pake, tukadhani limejiweka lenyewe. La hasha! Nyuma ya tangazo hilo pana msimbo, yaani maagizo ambayo mtu ameiandikia kompyuta. Leo nataka kueleza jinsi msimbo huo unavyofanya kazi tangazo linapochapishwa au kurekebishwa, jinsi unavyoweza kukosea, na jinsi ya kuutafutia dawa. Mfano wangu si wa mbali. Ni wa hapa hapa shuleni, na mkosaji ni mimi mwenyewe.

Mtakumbuka mkutano wa wazazi wa Kidato cha Nne katika muhula wa kwanza. Wakati wa likizo nilikuwa nimeandika msimbo mdogo wa kuwapelekea wazazi arafa kila tangazo lao linapotokea kwenye tovuti. Niliona ni jambo la busara, kwa maana si kila mzazi ana simu yenye intaneti, lakini arafa humfikia hata mwenye mulika mwizi. Jumatatu jioni mwalimu mlezi wa chama akanipa tangazo la mkutano. Nikaliandika kama rasimu, nikalihifadhi, kisha nikalichapisha.

Mwalimu akachungulia kioo cha kompyuta. "Hebu soma tena," akasema. "Wazazi zote? Na wewe ni katibu wa Chama cha Kiswahili?"

Niliona haya kweli kweli. Nikaandika "wazazi wote" na kubonyeza kitufe cha kusasisha. Nikaona pia nimeandika "mukutano". Nikarekebisha, nikabonyeza. Mwisho nikakumbuka kwamba sikutaja ukumbi. Nikaongeza, nikabonyeza tena. Nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika kwamba ngeli zote zimetulia.

Kesho yake nilipofika langoni, mwenzangu mmoja akanishika shati. "Wewe! Mamangu anauliza kama shule inaungua. Arafa nane kwa jioni moja!"

Kumbe kila mzazi alikuwa amepokea nane. Darasani wakacheka, nami nikacheka. Ofisini hakuna aliyecheka. Shule ilikuwa imebakiwa na arafa 1,200 zilizokwisha kulipiwa. Wazazi walikuwa 142. Piga hesabu: 142 mara 8 ni 1,136. Zilibaki 64 tu.

Alhamisi jioni, wanafunzi wakiwa wameshakwenda nyumbani, mkutano uliahirishwa kutoka Ijumaa hadi Jumanne. Nikaitwa haraka, nikachapisha tangazo jipya. Arafa zikawafikia wazazi 64 wa kwanza kwenye orodha, kisha zikaisha. Wale 78 waliobaki hawakupata neno. Msimbo wangu nao haukulia wala kulalamika, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Ijumaa saa tatu asubuhi wazazi walikuwa langoni. Miongoni mwao alikuwa nyanya wa mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Nne. Yeye huuza mboga, na siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Alikuwa amefunga kibanda na kulipa nauli ya matatu. Nilipomwomba radhi aliniambia kwa upole, "Mjukuu wangu, ule ujumbe niliupata mara nane. Nikajua lazima nije."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kelele za ofisini. Mwalimu mkuu akaamuru arafa zisimamishwe hadi nitakapoeleza kwa kinywa changu kilichotokea.

KENGELE ISIYOULIZA

Ili muelewe kosa langu, fikirini juu ya kengele ya shule. Inapolia, mpishi hutoa chai, mlinda lango hushika ufunguo, na viranja hutoka mbio. Kengele yenyewe haijui chai wala lango. Kazi yake ni kulia. Na haiulizi, "Je, mnanipiga kwa mara ya kwanza au ya pili?"

Tovuti yetu inaendeshwa na WordPress, programu iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Imeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf alianza kuibuni mwaka 1994. Ndani ya WordPress mna kengele nyingi za aina hii. Wenye ujuzi huziita kulabu, kwa sababu mtu anaweza kutundika msimbo wake hapo, ukafanya kazi kila jambo fulani linapotokea. Kulabu niliyoitumia mimi inaitwa save_post.

Mimi nilidhani save_post hulia tangazo linapochapishwa. Sivyo. Hulia tangazo linapohifadhiwa, na kuhifadhi si kuchapisha. Hulia unapofungua ukurasa wa kuandika tangazo jipya, maana WordPress hulitengea nafasi papo hapo. Hulia unapohifadhi rasimu, unapochapisha, unaposahihisha herufi moja, hata unapolitupa tangazo kwenye pipa la taka. Aidha, WordPress huweka nakala za maandishi unapoyabadilisha ili uweze kuyarudia, na nakala hizo nazo huipiga kengele. Isitoshe, mwandishi akiendelea kuandika, kompyuta hujihifadhia yenyewe takriban kila sekunde 60.

Msimbo wangu ulikuwa na swali moja tu: je, tangazo hili limechapishwa? Swali hilo lilinisaidia kidogo, kwa kuwa rasimu na nakala zilirudishwa mlangoni. Lakini tangazo lililokwisha kuchapishwa, ukilisahihisha, bado hali yake ni ya kuchapishwa. Msimbo uliuliza, ukajibiwa ndiyo, ukatuma upya.

KUMTAFUTA MCHAWI

Haya, hapo mtasema: ulichapisha mara moja, ukasahihisha mara tatu, hizo ni arafa nne. Nane zilitoka wapi? Swali hilo lilininyima usingizi. Mwanzoni nilisingizia mtandao wa simu. Ndiyo tabia yetu binadamu. Mchawi huwa jirani. Lakini kikulacho ki nguoni mwako.

Mwalimu wa kompyuta alinifundisha kanuni ya kwanza: usikisie, andika. Tulitengeneza nakala ya tovuti katika kompyuta ya maabara, tukaondoa yale maagizo ya kutuma arafa, na mahali pake tukaweka agizo la kuandika mstari mmoja katika daftari la makosa. Daftari hilo ni faili iitwayo debug.log. Ili lifanye kazi, ni lazima WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG ziwashwe katika faili ya wp-config.php. Kila mstari ulitaja saa, namba ya tangazo na hali yake. Kwa njia hii mtu anaweza kukosea mara mia bila kumtoa mzazi yeyote kibandani.

Nikarudia yote niliyoyafanya Jumatatu ile, hatua kwa hatua. Nilichapisha mara moja, nikatazama daftari: mistari miwili yenye hali ya kuchapishwa. Nikasahihisha mara moja: miwili tena. Basi! Mtandao wa simu haukuwa na hatia. Kengele yenyewe ililia mara mbili kwa kila mbonyezo.

Sababu yake ni hii. Katika ukurasa wa kuandika matangazo nilikuwa nimeongeza kisanduku cha kujazia tarehe ya mkutano. Toleo la 5.0 la WordPress, lililotoka Desemba 2018, lilileta kihariri kipya. Kihariri hicho kikikuta visanduku vilivyotengenezwa kwa mtindo wa zamani kama changu, huhifadhi kwa safari mbili: safari ya kwanza hupeleka maandishi, na ya pili hupeleka visanduku. Kila safari huipiga kengele. Mibonyezo minne mara safari mbili ni nane. Hesabu ikakubali.

DAWA ILIYOZIDI UGONJWA

Sasa nilijua ugonjwa, nikakimbilia dawa. Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Kulabu ya save_post humpa mtu habari kwamba jambo hili ni jipya au ni la kusasisha. Nikasema, basi nitume likiwa jipya tu. Daftari likaonyesha kwamba arafa haitumwi hata moja! Kwa nini? Kwa sababu tangazo lililoanza kama rasimu tayari lina nafasi yake. Siku ya kulichapisha, WordPress huhesabu kwamba unasasisha kitu kilichopo.

Nikaja na wazo jingine ambalo niliona ni la kijanja. Nikasema, msimbo ukishatuma, uandike chini ya tangazo maneno "Arafa imetumwa". Kisha nikabonyeza kitufe. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, hadi seva ikakata kazi yenyewe. Nilipofungua daftari nilikuta mamia ya mistari. Mwalimu alitazama akatabasamu. "Unaona ulichofanya? Msimbo unaofanya kazi wakati wa kuhifadhi, umeuagiza uhifadhi."

Naam. Kuongeza maneno kwenye tangazo ni kulihifadhi upya. Kulihifadhi hupiga kengele. Kengele huuita msimbo, msimbo huongeza maneno, kengele hulia tena, mithili ya mbwa anayefukuza mkia wake. Na kwa kuwa nilikuwa nimeweka agizo la kutuma kabla ya lile la kuandika, kila mzunguko ungetuma arafa kwa wazazi wote. Nilitoka jasho nikiwaza kama ningelifanya jaribio hilo kwenye tovuti yenyewe.

DAWA YA KWELI

Dawa iliyotuponya ni fupi. Sasa msimbo wetu huuliza maswali matatu kabla ya kutuma, na ukipata jibu baya kwa lolote, huacha.

Kwanza, je, hili ni tangazo lenyewe, au ni nakala tu, au ni kule kujihifadhia kwa kompyuta?

Pili, je, limechapishwa?

Tatu, je, lina alama kwamba lilikwisha kutumwa? Alama hiyo haiwekwi tena ndani ya maandishi. Huwekwa pembeni, katika data za ziada za tangazo, kwa agizo la add_post_meta. Uzuri wake ni kwamba kuandika hapo hakuipigi kengele ya save_post. Mbwa akaachana na mkia wake. Safari ya pili ya kihariri inapofika hukuta alama ipo, ikarudi. Marekebisho yote yanayofuata nayo hurudi vivyo hivyo.

Kuna wanaotumia kulabu nyingine, transition_post_status, ambayo humweleza mtu hali ya zamani na hali mpya, ili atume tu pale tangazo linapotoka katika hali nyingine na kuwa la kuchapishwa. Nayo ni njia nzuri, lakini tangazo likirudishwa kuwa rasimu kisha likachapishwa upya, itatuma tena. Ndiyo maana mimi niliipenda alama.

Tuliongeza mambo mawili ambayo si ya msimbo mtupu. La kwanza, salio la arafa likiwa pungufu ya idadi ya wazazi, msimbo hausogei, bali hutoa onyo jekundu ili mtu apige simu. La pili ni kanuni ya ofisi: kosa la herufi hurekebishwa kimya kimya, lakini siku au saa ikibadilika, huandikwa tangazo jipya. Kompyuta haiwezi kujua kwamba "zote" kuwa "wote" ni jambo dogo, na "Ijumaa" kuwa "Jumanne" ni jambo linalomhusu mtu mwenye kibanda. Kwake yote ni kusasisha. Kujua tofauti hiyo ni kazi yetu.

Baada ya majaribio ya siku mbili katika nakala, nilisimama mbele ya mwalimu mkuu na daftari langu mkononi, nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Aliniuliza swali moja tu: "Na ukikosea tena?" Nikamjibu kwamba nitakosea katika kompyuta ya maabara, si katika simu za wazazi. Akaruhusu.

Tangazo lililofuata nililisahihisha mara mbili makusudi baada ya kulichapisha. Asubuhi nikamuuliza yule mwenzangu wa langoni mama yake alipata arafa ngapi. Akanyoosha kidole kimoja.

Kwa haya machache naomba kufikia tamati. Wenzangu mnaopenda kompyuta, msimbo wenu ukiwashinda, msianze kwa kulaumu. Anzeni kwa kuandika kila hatua mahali mnapoweza kuisoma. Nanyi waandishi wa matangazo, lisomeni tangazo mara mbili kabla ya kulichapisha. Nyanya yule bado huja sokoni siku za soko, nami kila nikipita humsalimu.