Protini za Mshtuko wa Joto na Utambuzi wa Homa ya Papasi

Katika njia ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji, wasafiri walilala katika vibanda vya udongo, makao ya papasi, kupe laini anayeuma usiku. Papasi huambukiza Borrelia duttonii, bakteria aliyepewa jina la Joseph Dutton, aliyefariki Kasongo mwaka 1905 akiichunguza homa hiyo.

Bakteria huyo anapoingia katika damu ya binadamu, yenye nyuzijoto 37, kisha homa ikapanda kufikia 40, protini zake huelekea kupoteza umbo. Protini za mshtuko wa joto, hususan GroEL, huzikunja upya. Protini za utando wa nje hubadilishwa kila homa inaporudi, GroEL haibadilishwi. Kwa hiyo kingamwili dhidi yake zingeweza kuufichua ugonjwa hata siku ambazo hadubini haioni kitu, na mjamzito, ambaye homa hii huweza kumharibia mimba, anatibiwa malaria.

Ugumu ni kwamba GroEL ya bakteria wa kaswende hufanana nayo. Kipimo hakina budi kutumia vipande visivyofanana tu. Chanjo ni suala gumu zaidi, kwani binadamu naye ana protini ya jamii hiyohiyo, na kinga iliyoamshwa ovyo huweza kuugeukia mwili wenyewe.