Je, Wajua? Picha za Kale za Ubukusu

Je, wajua kuwa mwanazuoni wa Kijerumani, Günter Wagner, alifanya utafiti Magharibi ya Kenya katika miaka ya 1930, akawapiga picha Wabukusu, na kwamba juzuu ya pili ya kitabu chake ilitoka 1956, ilhali mwenyewe alifariki 1952?

Ajabu zaidi ni ya jirani zao Wajaluo: picha alizowapiga mwanaanthropolojia Evans-Pritchard mwaka 1936 zilikaa Uingereza yapata miaka sabini, hata 2007 nakala zake zikarejeshwa Nyanza, zikaonyeshwa bomani kwa wenyewe.

Nawe, msomaji wa Bumula, itazame ile picha ya zamani iliyo sandukuni, kingo zimekunjika, mhuri wa studio umefifia. Uandike nyuma yake majina ya waliomo, kwa penseli, kwani wino huvuja.