Samaki wasiokusudiwa wavuni: mfano wa silikanti

1. Maana ya jambo lenyewe

Mvuvi atupapo wavu huwa na samaki wake moyoni, lakini wavu hauna macho ya kuchagua. Pamoja na wale waliotafutwa hupanda wengine ambao hawakutakiwa: wachanga mno, wasio na bei sokoni, au wa aina nyingine kabisa. Hao ndio wanaoitwa katika makala haya samaki wasiokusudiwa. Jambo hili si geni kwa wakazi wa kando ya ziwa Tanganyika. Taa za usiku huwavuta ndakala, na wavu uinuliwapo huonekana ndani yake pia mikebuka ambao hawajafikia ukubwa wa kuzaa.

Baharini jambo hilohilo lina upande wa pili. Samaki anayekufa bure katika wavu ni hasara, ila kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa mwalimu wa elimu ya viumbe. Silikanti anaonyesha pande hizo mbili kwa uwazi.

2. Samaki aliyedhaniwa kwisha

Hadi mwaka 1938 wataalamu walimjua silikanti kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, na visukuku hivyo vilikoma katika tabaka za miaka milioni 66 hivi iliyopita. Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya kuburuta nyavu iitwayo Nerine ilifika bandari ya East London, Afrika Kusini, ikiwa na samaki wa rangi ya buluu, mwenye urefu wa mita moja na nusu, aliyenaswa karibu na mlango wa mto Chalumna. Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji huo, alitambua kwamba si samaki wa kawaida. Profesa J.L.B. Smith alipowasili kumchunguza, ngozi ilikuwa imehifadhiwa, bali viungo vya ndani vilikuwa vimekwisha kutupwa. Mwaka 1939 samaki huyo alipewa jina la kitaalamu Latimeria chalumnae.

Smith alitafuta wa pili kwa miaka kumi na minne, hata akatangaza zawadi ya pauni 100. Alipatikana Desemba 1952 katika kisiwa cha Anjouan, Komoro. Hapo ikadhihirika kwamba wavuvi wa visiwa hivyo walikuwa wakimjua siku zote na kumwita gombessa. Walimvua kwa bahati tu, walipokuwa usiku katika ngalawa zao wakitega kwa mishipi mirefu samaki mwingine waliyemtaka. Nyama ya gombessa ina mafuta mengi, nao hawakuithamini. Kumbe kilichokuwa ajabu katika vyuo vikuu kilikuwa na jina katika kinywa cha mvuvi.

3. Elimu iliyotoka katika mizoga

Mwaka 1975 wataalamu wa makumbusho ya elimu ya viumbe ya New York walipasua jike mmoja wa Komoro, wakakuta tumboni watoto watano. Hivyo ikathibitika kwamba silikanti hatagi mayai, bali huzaa watoto hai. Mwaka 1991 meli ya kuburuta nyavu ilimnasa jike mwingine mbele ya pwani ya Pebane, Msumbiji, akiwa na watoto 26. Ni mwaka 1987 tu ambapo Hans Fricke na wenzake, wakitumia chombo cha kuzamia, walipiga picha za silikanti hai katika makao yake: mchana hukaa mapangoni, usiku hutoka kuwinda.

Uchunguzi wa mwaka 2013 juu ya urithi wake wa jeni ulionyesha kwamba samaki aliye karibu zaidi kwa ukoo na wanyama wa miguu minne si silikanti, bali ni samaki mwenye mapafu, yule aitwaye kamongo katika ziwa Victoria na nzombo kwa Kilingala.

Matokeo mazito zaidi yalitangazwa mwaka 2021. Watafiti wa Ufaransa walichunguza magamba ya silikanti 27 waliohifadhiwa, wakahesabu duara za ukuaji ambazo hazikuonekana hapo kwanza. Awali ilidhaniwa kwamba samaki huyu huishi miaka ishirini hivi. Hesabu mpya ilionyesha kwamba anaweza kukaribia miaka mia, kwamba mimba yake huchukua yapata miaka mitano, na kwamba jike haanzi kuzaa kabla ya kukaribia miaka sitini.

4. Jarife la Tanga

Mwaka 2001 silikanti mmoja alinaswa mbele ya Malindi, Kenya. Mwaka 2003 alionekana kusini mwa Tanzania, upande wa Kilwa. Tangu mwaka 2004 wengi wakaanza kunaswa Tanga, na katika muda wa miaka michache hesabu yao ikafikia makumi. Chombo kilichowanasa ni jarife, wavu wenye macho mapana utumikao kuvulia papa, uliotegwa kwenye miteremko ya kina kirefu walikokaa. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliunda huko Hifadhi ya Bahari ya Silikanti.

Hapo ndipo umri unapopata uzito wake. Jike aliyezaliwa mwaka 1975, mwaka uleule ilipothibitika kwamba silikanti huzaa watoto hai, hata leo hajafikia umri wa kuzaa kwa kadirio la mwaka 2021. Aina ya samaki wa namna hiyo haiwezi kufidia haraka majike inayoyapoteza.

Kumrudisha majini hakutoshi. Matamvua yake yamezoea maji baridi ya kilindini; katika maji ya juu yenye joto, ambayo yana oksijeni kidogo, hukosa pumzi na mara nyingi hufa. Kwa hiyo dawa ni kuangalia mahali na kina cha kutegea wavu kabla haujashuka. Wala haifai kumfanya mvuvi mshtakiwa: biashara ya silikanti kati ya nchi imekatazwa tangu mwaka 1989, nyama yake haina soko, naye amepoteza usiku wa kazi. Akizuiliwa kutega jarife pasipo kupewa njia nyingine ya riziki, katazo litabaki karatasini.

5. Hitimisho

Neno silikanti limeingia katika Kiswahili kutoka lugha za Ulaya, nalo asili yake ni maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mwiba ulio wazi ndani, kwa ajili ya miiba ya mkia iliyoonekana katika visukuku. Jina gombessa, lililo la Kikomoro, lugha ndugu ya Kiswahili, halikuchukuliwa. Neno la kwanza limetoka kwa waliomchunguza samaki huyu akiwa jiwe. La pili kwa waliomtoa majini akiwa hai. Kwa kuwa hatima yake imo katika mikono ya hao wa pili, utafiti wowote juu yake hauna budi kuanza kwa kuwauliza ni wapi, saa ngapi na kwa kina gani walimkuta.